Ubao wa Wenye Namba

TANGAZO

Wanachama wote wa Umoja wa Wafanyabiashara wa Soko la Ng'ambo, Migori, wanajulishwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 6 Juni 1994, kila karatasi itakayobandikwa kwenye ubao wa Umoja itabanwa kwa pini mbili, moja katika kila pembe ya juu. Karatasi yenye pini moja itahesabiwa kuwa haijabandikwa. Karatasi yenye pini tatu itahesabiwa kuwa ni ubadhirifu.

Kwa amri,
J. Omanga, Mtunza Ubao,
Mwanachama Na. 014.

* * *

Omanga alilisoma tangazo lake mara mbili, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama kwa mbali, akaridhika. Alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka kumi na tisa bila cheti cha ualimu, mpaka serikali ilipogundua kwamba hana cheti, ikamshukuru kwa barua na kumwachisha kazi kwa barua hiyo hiyo. Umoja ulimpa kibanda kando ya lango la soko auze daftari na kalamu bila kulipa kodi. Naye, kwa upande wake, autunze ubao.

Haki itendeke: kabla yake ubao ule ulikuwa jalala. Waganga kutoka ng'ambo ya mpaka walitangaza dawa za mapenzi juu ya bei za sukari. Watu walitukanana kwa majina ya mama zao. Mwaka wa tisini na mbili karatasi isiyo na sahihi ilitangaza kifo cha muuza ndizi mmoja, soko zima likachanga pesa za jeneza, na marehemu akatokea siku ya tatu akitoka kwa shemeji yake, akataka apewe mchango huo kwa kuwa ulichangwa kwa jina lake. Baada ya hapo hakuna aliyebisha kanuni zilipotungwa. Karatasi iwe na namba ya uanachama, iwe na sahihi, na iwe na Kiswahili kinachosomeka. Ya mwanachama isitolewe ila na Mtunza Ubao, tena baada ya siku saba na kusikilizwa kwa mwenyewe. Ya asiyesajiliwa itolewe siku hiyo hiyo, bila maelezo.

Namba walipewa wenye vibanda, na wenye vibanda, kwa desturi ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu aliifuata, walikuwa wenye nyumba, yaani wanaume. Wanawake waliouza omena, dagaa wa ziwani, na mboga chini, juu ya magunia, hawakuwa na namba. Karatasi zao ziliishia katika katoni ya mafuta ya Kimbo chini ya meza ya Omanga. Hata hivyo, mkono wa mwalimu haustaafu. Kabla ya kuitupa kila karatasi, Omanga aliisahihisha kwa wino mwekundu na kuitia alama.

Siku ya Jumanne ilikuja moja iliyoandikwa kwa mkaa juu ya kipande cha mfuko wa saruji.

MAHIDI YA GODAUNI IKO DAWA. TULIOSHA SISI. MSIKULE.

Hakukuwa na namba wala sahihi. Omanga alirekebisha alichoweza, akaandika mbili kwa kumi, akaitia katonini. Jumatano ilikuja nyingine. Alhamisi zikaja tatu.

* * *

Ijumaa asubuhi Helen alisimama mbele ya kibanda chake. Helen alikuwa mwanamke wa Karungu, muuza omena, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara. Mkononi alishika kile kipande cha mfuko wa saruji.

"Japuonj," alisema, kwa kuwa Waluo wote wa sokoni walimwita mwalimu kwa lugha yao, "hii nimetoa kwa takataka yako. Umenipatia mbili."

"Kwa kumi."

"Hiyo mbili ni ya nini? Niambie, nijue mahali nimepita."

"Ni ya mwandiko. Mwandiko unasomeka."

"Ahaa. Kwa hivyo ulisoma."

Omanga alipanga kalamu zake zilizokuwa zimepangwa tayari. "Mama, karatasi haina namba. Mimi si adui yako. Kanuni ni kanuni. Mwenye habari na asiye na namba amtafute mwenye namba amwandikie."

"Yawa! Mwenye namba ni nani? Si hao wenye walituita tuoshe?" Helen alinyoosha viganja vyake viwili juu ya meza. Vilikuwa na rangi ya waridi kuanzia kwenye kucha hadi kwenye vifundo, kama mtu aliyepaka hina kwa pupa. "Siku tatu tumekaa kwa maji, chini ya daraja. Nimesugua na mchanga, nimesugua na Omo, haitoki. Mellen ametapika siku mbili. Kuku wa Maroa, yule askari wa godauni, tisa zimelala mara moja, miguu juu. Maroa hawezi sema, juu Maroa anataka mshahara. Sasa wewe niambie hiyo kanuni yako inasema nini juu ya kuku."

"Haisemi lolote juu ya kuku."

"Basi, weka yangu chini ya hiyo ya pini," alisema Helen, "watu wasome zote mbili, wachague yenye wanataka."

Wauza mboga walicheka. Omanga aliwatazama mpaka wakanyamaza, kama alivyozoea kulitazama darasa la nne, lakini Helen hakuondoka kama mwanafunzi. Aliondoka kwa mwendo wake, na karatasi yake aliibandika tena ubaoni alipokuwa akipita, kwa pini nne.

Omanga aliitoa saa nne na nusu.

* * *

Habari yenyewe haikuwa ngumu kueleweka. Ukame wa mwaka ule ulikuwa umeleta mbegu za msaada, magunia mia mbili na arobaini, mahindi yaliyotiwa dawa ya kuua wadudu na kupakwa rangi ili mtu yeyote mwenye macho ajue kwamba ni ya kupandwa, si ya kuliwa. Yalifika katikati ya Mei, mvua ikiwa imekwisha kuja na kuondoka. Gisiri, mwenyekiti wa Umoja, aliyapokea, akayafungia ghalani kwa usalama. Kisha akafikiri. Mbegu isiyoweza kupandwa, kwa hesabu ya Gisiri, ilikuwa ni chakula kilichochafuka rangi, na rangi huoshwa.

Jumamosi Omanga alikwenda kanisani, kwa kuwa alikuwa Msabato asiyekosa. Jumapili asubuhi Gisiri alimletea nyumbani debe moja la mahindi, akaliweka mlangoni yeye mwenyewe, jambo ambalo mwenyekiti hulifanya kwa nadra.

"Mwalimu, ni asante tu," alisema. "Ubao uko safi. Kuna watu wanapenda kuchafua, lakini wewe uko macho. Alhamisi tunafungua godauni. Bei ya chini kabisa, mwananchi apate chakula. Kazi yako ni ile ile."

Omanga alishukuru. Nyumbani hapakuwa na unga tangu Ijumaa, na watoto wanne walikuwa wakila viazi vitamu asubuhi na jioni, wakianza kuvitazama kama adui. Nyanchoka, mkewe, alilitazama debe, akamtazama Gisiri akienda. Alipeleka mahindi kusagwa, akarudi, akasonga ugali, akautenga mezani saa saba mchana: sinia moja, sahani moja, sukuma wiki bakuli moja. Kisha akawapa watoto viazi, akajimiminia chai ya rangi, akaketi mbele ya mumewe.

"Sahani zenu ziko wapi?" aliuliza Omanga.

"Sisi tuna viazi. Hiyo ni yako, Baba Liz. Umepewa wewe."

"Mama Liz, acha mchezo. Ugali umetosha watu sita."

"Kula tu. Ugali wa mwanachama." Nyanchoka aliweka mikono mezani. Tangu Jumatatu alikuwa akiifunga kwa leso, akisema ameungua. Sasa aliifungua leso polepole, akaikunja, akaiweka kando. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya waridi kuanzia kwenye kucha hadi kwenye vifundo.

Omanga alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuvitazama viganja vya mkewe katika miaka kumi na minne ya ndoa.

"Uliniambia uko Dorkasi," alisema hatimaye. "Unashona nguo za mayatima na akina mama wa kanisa."

"Nilikuwa mtoni naosha mahindi ya Gisiri, shilingi sitini kwa siku. Kalamu zako zimeuza ngapi mwezi huu? Nilidanganya, nitatubu. Hata Mungu anajua kwa nini. Sasa niulize kitu kingine."

"Uliandika wewe?"

"Moja ya Alhamisi. Ulinipa ngapi?"

Omanga alilisogeza bakuli la sukuma wiki.

"Ulinipa ngapi, Mwalimu?"

"Tatu."

"Ulirekebisha nini?"

"Maneno. Upatanisho."

"Na mahindi?"

"Mahindi," alisema Omanga, akasikia jinsi jibu lake linavyosikika kabla hajalimaliza, "hayakuwa katika mamlaka yangu."

Liz, binti yao mkubwa, aliacha kutafuna. Nyanchoka alilisogeza sinia mpaka likagusa kifua cha mumewe.

"Basi kula. Leo hakuna anayekuzuia. Gisiri amesema ni chakula. Ubao umesema ni chakula, maana hakuna kitu hapo kinachosema sicho. Kata tonge, chovya, kula, watoto wako wakuone. Ukimaliza nitasema karatasi zetu zilikuwa takataka, na nitazichoma mimi mwenyewe."

Ugali ulikuwa ukifuka. Katikati ya weupe wake palikuwa na chembechembe za waridi, chache, ambazo mtu asiyezitafuta asingeziona. Omanga alinawa mikono. Alikata tonge. Alilishika kwa muda, kisha akalirudisha siniani taratibu, kana kwamba linaweza kuvunjika, akanawa tena.

"Leta kiazi," alisema.

"Viazi vimeisha."

Ndivyo Omanga alivyoshinda na njaa Jumapili ile, na ugali wote ulizikwa nyuma ya choo, kina cha mkono mzima, ili hata mbwa asiupate.

* * *

Asingekuwa mtu wa kanuni, angekwenda sokoni na kupiga kelele, na angepuuzwa kama Helen. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, na siku mbili alizisoma upya kanuni zile alizozitunga yeye, kila kifungu, kwa jicho la mtu anayetafuta mlango katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Jumatano jioni, soko likifungwa, alibandika karatasi nyeupe iliyopigwa mistari kwa rula.

ONYO. Mahindi yanayotarajiwa kuuzwa kutoka ghala la Umoja ni mbegu iliyotiwa dawa. Yameoshwa mtoni na wanawake kumi na mmoja ambao viganja vyao bado vina rangi. Dawa haiondoki kwa maji. Itazame ncha ya punje, mahali inaposhikana na gunzi: rangi imebaki. Kuku waliokula wamekufa. Msinunue. Msile.

J. Omanga, Mwanachama Na. 014.

Ilikuwa na pini mbili.

Gisiri alifika Alhamisi saa moja asubuhi, koti juu ya mabega, ufunguo wa ghala kidoleni. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao. Waliojua kusoma walikuwa wakiwasomea wasiojua, na wasiojua walikuwa wakidai wasomewe tena.

"Mwalimu," alisema Gisiri kwa upole, "toa hiyo kitu."

"Siwezi, Mwenyekiti."

"Huwezi?"

"Kifungu cha sita. Ya mwanachama haitolewi ila baada ya siku saba na kusikilizwa kwa mwenyewe. Sahihi yako iko chini ya kanuni hizo. Ni ya kwanza."

"Basi nitaitoa mimi."

"Kifungu hicho hicho. Ila na Mtunza Ubao."

Gisiri alimsogelea. "Unajua hicho kibanda ni cha nani?"

"Cha Umoja."

"Na Umoja ni nani? Omanga, mimi nilikuokota. Ulikuja hapa na viatu vya mwalimu na tumbo la mwalimu. Nikakupa mahali pa kukaa, nikakupa cheo. Mkeo alikuja kwangu mwenyewe kuomba kazi ya kuosha, akanisihi nisikwambie. Nilinyamaza kwa heshima yako. Nitangaze?"

Watu walisikia. Omanga aliona aibu ikimpanda kutoka kifuani, kitu chenye joto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukaa kuingojea ipite.

"Tangaza," alisema. "Tangaza kwa sauti. Sema mke wa Omanga aliosha mahindi yako, kwa sababu mumewe hana pesa. Kisha sema aliosha nini, na kilikuwa na nini."

"Omera, ndugu yangu, tangaza!" aliitika Helen kutoka nyuma. "Mwenyekiti, usiogope! Una namba!"

Nyanchoka alipita katikati ya watu akaja kusimama chini ya ubao. Alinyoosha viganja, vidole vimepanuliwa. Helen alikuja akasimama kando yake, kisha Mellen, ambaye bado hakuweza kusimama wima vizuri, kisha wengine, mpaka wakawa tisa. Wote walinyoosha viganja. Wateja waliovuka daraja wakiwa na magunia matupu walisimama, wakasoma, na aliyekuwa hajui kusoma alitazama mikono tu, akageuka.

Mzee mmoja alichukua punje kutoka kwenye gunia la kwanza lililotolewa ghalani, akaikagua ncha yake, akampa Maroa, askari wa godauni.

"Kula," alimwambia.

Maroa aliitazama punje ile. Alimtazama pia mwajiri wake. "Mimi nimeshiba, mzee," alisema, na hapo hapo kila mtu akawa amejibiwa.

Siku hiyo Gisiri aliuza magunia mawili, yote kwa mtu asiyepita lango kuu.

* * *

Gisiri alipeleka mashtaka Homa Bay, kwenye ofisi ya muungano wa vyama vya masoko. Jumatatu alikuja mkaguzi, Bwana Ongeri, na mkoba wa ngozi na kalamu tatu. Kikao kilifanyika ndani ya ghala, mkaguzi akiketi juu ya gunia lililokuwa shahidi mkuu, ingawa hakuna aliyemweleza hivyo.

"Majina ya mashahidi," alisema.

Nyanchoka alitaja jina lake.

"Namba?"

"Sina."

"Basi wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ni mikono," alisema Nyanchoka, akaionyesha. Rangi ilikuwa imeanza kufifia.

Bwana Ongeri aliitazama, akaandika kitu, akakifuta. "Mama, nakuhurumia. Lakini fomu ina nafasi ya namba. Haina nafasi ya mikono."

"Basi andika mahali palipobaki. Chukua pia punje kumi, zitie kwenye huo mkoba, upeleke kwa daktari wa serikali. Ziko chini yako hapo. Unakalia."

Mkaguzi aliinuka kidogo, akalipapasa gunia, akaketi tena. "Mimi ni mkaguzi wa kanuni. Mahindi ni Wizara nyingine."

"Na mtu akifa?"

"Itategemea alikuwa mwanachama au la," alisema Bwana Ongeri, bila ubaya wowote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejibu alichoulizwa kwa mujibu wa kitabu alichokuja nacho.

Omanga, aliyekuwa ameketi pembeni kama mshtakiwa, alilisikia jibu lile na kulitambua. Lilikuwa limetengenezwa kwa mbao zile zile alizotumia yeye. Hakuwa na haki ya kulishangaa, kwa hiyo hakulishangaa. Alisema tu, "Andika kwamba mtunza ubao alipewa karatasi tano kabla ya ile yake, na zote tano zilikuwa kweli, na zote tano alizitupa."

"Hilo si kosa kikanuni," alisema mkaguzi.

"Najua. Andika."

Hakuandika.

* * *

Wiki mbili zilipita. Mahindi hayakununuliwa Migori, lakini hayakukaa. Asubuhi moja Maroa alipita kibandani, akanunua kalamu asiyoihitaji, akasema akitazama pembeni kwamba lori limepakia usiku, magunia mia moja, linaelekea Ogwedhi, ambako soko la ng'ombe ni kesho na wafugaji hununua chakula cha mwezi mzima siku moja.

Omanga alifunga kibanda, akaenda nyumbani. Nyanchoka na Helen walikuwa wakimkama mbuzi wa jirani kwa ubia.

"Ogwedhi," alisema.

"Kule kuna ubao?" aliuliza Nyanchoka.

"Hakuna."

"Afadhali," alisema Helen. "Hakuna wa kutoa."

"Lakini mikono yetu imeshasafika," alisema Nyanchoka, akivigeuzageuza viganja vyake. "Nani atatuamini? Kule sisi ni wageni, hata lugha yao hatuna."

"Punje bado zina rangi," alisema Omanga. "Mtawaonyesha ncha." Kisha aliketi chini, akavuta daftari la mistari, akaandika onyo lile lile mara kumi na mbili, kwa Kiswahili chepesi kuliko alichowahi kukiruhusu, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Chini ya kila moja alisita, kalamu ikiwa hewani kwa mazoea.

"Weka jina," alisema Nyanchoka.

"Niweke lako?"

"Weka la Mellen pia, na la huyu. Weka yote kumi na moja. Namba usiweke."

Waliondoka alfajiri, wanawake sita. Gisiri, aliyekwisha kupata fununu, alikuwa amewatumia ujumbe kwamba atakayeonekana Ogwedhi hatapanga tena bidhaa chini katika soko la Migori. Helen alimjibu mjumbe kwa Kiluo, sentensi moja fupi ambayo mjumbe alikataa kuifikisha.

Saa tano asubuhi hiyo hiyo Omanga aliitwa mbele ya ubao. Onyo lake lilikuwa bado lipo, limepauka kwa jua. Gisiri alifungua bahasha kutoka Homa Bay, akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"UAMUZI. Baada ya kuzuru, kusikiliza na kutafakari, ofisi hii imeamua yafuatayo. Kwanza, uanachama Na. 014 wa Bwana J. Omanga umefutwa kuanzia tarehe 14 Juni 1994, yaani siku moja kabla ya kubandikwa kwa karatasi inayolalamikiwa. Pili, kwa hiyo karatasi hiyo ni ya mtu asiyesajiliwa, na inapaswa kutolewa bila kuchelewa. Tatu, mwenye mamlaka ya kuitoa karatasi yoyote ubaoni ni Mtunza Ubao peke yake. Nne, kwa kuwa Mtunza Ubao sharti awe mwanachama, nafasi hiyo iko wazi tangu tarehe iliyotajwa, na itajazwa katika Mkutano Mkuu wa mwezi Desemba. Tano, suala la mahindi halikuwa katika ajenda."

Gisiri aliinua mkono kuelekea lile onyo, kisha akaurudisha mfukoni: mpaka Desemba hapakuwa na mtu wa kulitoa.